Mzee Tochi na Rangi Mbili Asizozitofautisha

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kazi, fundi wetu wa matangi, Mzee Tochi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Aliletwa hapa maabarani kama fundi bomba, kazi ya siku mbili. Siku ya tatu mtafiti mmoja akamwomba amwangalizie matumbawe kidogo wakati yeye anakunywa chai, na ndiyo hivyo, hakuondoka tena. Bomba lenyewe bado linavuja.

Kwa wageni wetu: matumbawe ni wanyama wadogo wa baharini, na wengi wao wana protini zinazopokea mwanga wa bluu na kuurudisha ukiwa wa kijani au mwekundu. Watafiti huchukua maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo, wakayapachika ndani ya seli nyingine, na seli iliyokuwa haionekani ikawaka. Hivyo ndivyo wanavyoweza kufuatilia seli moja ya saratani inakokwenda. Yote hayo huanzia kwenye tangi, na matangi yalikuwa ya Mzee Tochi. Alionja chumvi ya maji kwa ulimi kabla ya kuipima, na matumbawe yaliyogoma kula aliyagombeza kama wajukuu.

Kuna mwaka mtafiti mgeni alirukaruka ukumbini akitangaza kwamba amegundua protini inayowaka kuliko zote. Ulikuwa unyuzi wa shati jeupe la Mzee Tochi, lililofuliwa kwa sabuni ya unga ya kung'arisha, ambayo nayo huwaka chini ya taa zetu. Mashati meupe yakapigwa marufuku, na mtafiti yule hapendi tumkumbushe.

Sasa niseme lile aliloniruhusu kulisema. Mzee Tochi hatofautishi kijani na nyekundu. Na kila Jumatatu kazi yake ilikuwa kupanga vipande vya matumbawe: vya kijani kulia, vyekundu kushoto! Aliamini wakijua atarudishwa kwenye mabomba, na matangi aliyapenda kupita kiasi. Akajifanya mpiga soga: dada wa usafi akipita na ufagio, anaulizwa kipande hiki na hiki ni vya rangi gani leo, eti vinampendeza? Dada alimshtukia wiki ya pili. Akanyamaza, akaendelea kupita kila Jumatatu, hata zamu yake ilipohamishiwa ghorofa ya juu.

Miaka minane iliyopita mkuu wetu aliagiza vipande visivyo na rangi safi vitupwe. Tulikuwa watu saba nyuma ya pazia jeusi, kila mmoja na miwani yake ya njano ya kuchuja mwanga wa bluu. Mzee Tochi akakishika kimoja, hakitupi. Mkuu akamwambia rangi yake haieleweki, si kijani, si nyekundu. Mzee akajibu kwamba hicho ndicho kinachowaka kuliko vyote. Akaulizwa amejuaje. Hapo angeweza kucheka na kukitupa, siri yake ikabaki salama. Akakisogeza mbele ya Mkuu.

"Mkuu, mimi rangi hizo mbili sizitofautishi. Ninachokiona ni mwanga tu."

Mkuu akakipeleka kipande kwenye mashine ya kupima mwangaza, nasi nyuma yake kama bata. Kiliwaka mara tatu zaidi ya vingine. Leo protini yake inatumika katika maabara kumi na moja, na wapo wanaoitumia kutazama seli za moyo zikidunda ndani ya kisahani.

Mzee alirudi nyumbani akijua kibarua kimeota nyasi. Mkewe anasema hakugusa chakula siku mbili. Jumatatu akakuta barua mezani. Ilisema kuanzia siku hiyo hakuna kipande kitakachotupwa kabla yeye hajakitazama. Kupanga rangi akakabidhiwa rasmi dada wa usafi.

Wiki iliyopita tangazo la nafasi yake lilibandikwa ubaoni. Mkuu ameongeza mstari kwa kalamu: wasiotofautisha rangi wanahimizwa kuomba. Hadi jana walikuwa wameomba wanne.

Wa nne ni mimi ninayeandika haya, wa chumba cha hadubini. Siku ile nyuma ya pazia nami nilikiona kile kipande kama yeye, mwanga tu bila kujua rangi, nikanyamaza. Mzee Tochi, sote tunakutakia afya na mapumziko marefu yenye furaha. Nami nakushukuru kwa kusema.