Maisha ya Salvatory Luhaga, Kinara wa Ghala Namba Tatu

Ndugu waombolezaji, marehemu Salvatory Luhaga alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Nkololo, mtoto wa tatu wa mzee Maduhu na mama Milembe, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1999 hadi 2005, kisha sekondari mjini Bariadi, alikohitimu kidato cha nne mwaka 2009.

Mwaka 2010 aliajiriwa kuendesha mashine ya kuchambua pamba, na tarehe 22 Oktoba 2016 alifunga ndoa takatifu na Felisita, wakajaliwa watoto wawili, Joakim na Anna.

Agosti 2019 alicheza filamu ya Ghala Namba Tatu, akiwa kinara wa majambazi wanaowateka wakulima kumi na wawili ndani ya ghala la pamba, na mtu huyu mpole, ambaye hata ng'ombe alimswaga kwa kumbembeleza, alishika bunduki ya mbao, hakufoka, alinong'ona tu, na mateka wakatetemeka kweli. Mwishoni anapigwa risasi na polisi. Siku ya kurekodi kifo hicho mama Milembe, asiyejua kuwa ni maigizo, alimletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akamkuta mwanawe amelala kwenye rangi nyekundu, akapiga yowe, walinzi wa kijiji, sungusungu, wakaja na fimbo, wakamfunga kamba mwigizaji aliyecheza polisi, hadi mwongozaji Novatus aliposema, "Luhaga, amka, turudie," naye akaamka, akamfuta mama machozi kwa mkono wenye rangi.

Filamu ilipotoka alimsihi mama kila mwaka, "Mayu, njoo uone kazi yangu, hata dakika kumi," na mama akajibu, "Baba, nimeshakulilia mara moja, ya pili sitaki."

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akatibiwa Bariadi na Mwanza, na hata kitandani aliuliza kama mama ameiona, hadi Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nane mchana, alipofariki dunia.

Jana mama aliomba simu ya Felisita, akaitazama filamu yote, mkekani, kati ya wanawake wenzake, na ilipofika risasi hakulia, alirudisha nyuma, akamwona mwanawe anatembea, akarudisha tena, na tena, hadi chaji ikaisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji, wafanyakazi wenzake wa kinu cha pamba, Novatus na waigizaji wote, wakiwemo wale mateka kumi na wawili, waliobeba jeneza.

Luhaga, mama ameiona kazi yako. Pumzika kwa amani, maana leo sote tunatamani kukwambia amka, turudie, na hakuna anayeweza.