Ubao Uliokuwa Ukiiruka Nyumba ya Mwalimu Remedios

"Ubao wa matangazo ulipita kwangu saa ngapi?" Ndivyo alivyouliza mama yangu alasiri ya kimbunga, tarehe 24 Septemba 1999, akiwa amesimama katika ukumbi wa hekalu letu hapa Hinokuchi, amelowa hadi kifuani, mimi nikiwa mgongoni mwake, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, mbele ya watu wa nyumba nyingine tisa waliokuwa wameketi humo, wakavu, wakinywa chai. Baadhi yenu mlikuwepo. Mimi ni Chisato, binti yake, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, baba ameniomba nisiwe mkali, nami nimemwahidi kujaribu.

Marehemu Remedios Sumagaysay Tokunaga alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Miagao, mkoa wa Iloilo, Ufilipino, mtoto wa tatu kati ya sita wa mshona nyavu, akahitimu ualimu wa Kiingereza Machi 1987, na Aprili 1991 akaja Japani kufundisha shule ya kati ya mji wetu, ambako siku ya kwanza alitambulishwa hivi: "Huyu si Mwingereza, lakini Kiingereza anakijua." Aliinama, akashukuru, kisha akafundisha miaka thelathini, na wanafunzi wake wakashinda mashindano ya hotuba ya mkoa mara saba, kwa lafudhi ya Iloilo tupu, na waamuzi wakaisifu.

Tarehe 3 Novemba 1994 alifunga ndoa na baba yangu, Iwao Tokunaga, fundi mitambo wa meli za mizigo, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwezi Mei 1998 na mdogo wangu Tomonori mwaka 2001. Sasa sikilizeni. Baba akiwapo nyumbani, ubao wa matangazo, ule unaozunguka nyumba hadi nyumba na kila nyumba ikigonga muhuri wake, ulifika kwetu, na baba akiwa safarini ulitoka kwa jirani yetu mzee Yoshimura ukaenda moja kwa moja kwa akina Nishioka, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Ubao wa Agosti 1999 ulisema kwamba kukiwa na kimbunga watu wasikimbilie tena shuleni, wapande hekaluni. Kimbunga kikaja, mama akanibeba hadi shuleni, akakuta geti limefungwa na maji yamefika magotini, yakaendelea kupanda, ndipo akaona taa za hekalu kilimani, akapanda huko.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mzee Yoshimura, mwenyekiti wetu wa mtaa wakati ule, akasimama mlangoni na matope yake, na mzee akamwambia kwa upole, "Mwalimu, maandishi yale ni magumu, hatukutaka kukusumbua." Mama akamjibu, "Nisumbueni, mzee. Nimehamia hapa ili nisumbuliwe kama wengine." Huo ndio upole wetu, ndugu zangu, upole uliokaribia kutuzamisha watu wawili.

Tangu siku hiyo alikwenda kuuchukua ubao mwenyewe, akausoma na kamusi mbili, na Mei 2000 ulipotangaza usafi wa mfereji tarehe 31 Juni, akaandika kwa wino mwekundu, kama kwenye daftari la mtoto: "Juni haina tarehe 31. Rudia." Ubao ulizunguka nyumba zote na wino ule, Bibi Nishioka akacheka hadi akakaa chini, akamwita mama kupitia juu ya ukuta, "We mwalimu, mzee umempa alama ngapi?" na mzee Yoshimura mwenyewe akaja jioni na kikapu cha machenza, akasema, "Nimerudia."

Aprili 2019 nyumba zote kumi zilimchagua mwenyekiti, mwanamke wa kwanza Hinokuchi, na Julai mwaka huohuo mto ulipofurika, aligonga mlango mmoja baada ya mwingine, akamsukuma mzee Yoshimura kwenye toroli la machenza huku mzee akilalamika kwamba anasumbuliwa, na maji yalipofika barabarani watu wote thelathini na mmoja walikuwa hekaluni, wamehesabiwa kwa majina. Aliushinda upole wetu, na aliushinda mchana kweupe, mbele yenu.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya mkoa, na akafariki tarehe 9 Februari 2022, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliopika na kufagia siku hizi tatu bila kuombwa. Lala salama, mama, kazi umeimaliza.

Ila nje ya mlango huu wamesimama tangu saa mbili Bi. Diem na wenzake wanne kutoka Vietnam, wanaofungasha machenza kwenye ghala la ushirika, wanafunzi wa mwisho wa mama, aliowafundisha jioni baada ya kazi, na hakuna aliyewaambia waingie. Tafadhali, sogeeni kidogo, wakae.