Dumu Lenye Kitambaa

FUNDI: Haloo? Sema haraka, niko chini ya lori. Nani mwenzangu?

BABA: Nani tena? Siku hizi hutazami hata jina la aliyekupigia?

FUNDI: Ah, Baba! Shikamoo. Simu nimeibana kwa bega, mikono yote oili.

BABA: Marahaba, mama. Lori la nani?

FUNDI: La wale wa matofali. Giaboksi imeshuka nusu, nimeiegemeza kwenye jeki na goti langu. Nikisogea inanilalia. Kuna nini?

BABA: Hakuna neno. Nataka kukuuliza la kiufundi.

FUNDI: Wewe? Uniulize mimi?

BABA: Si wewe ndiye fundi? Mimi dereva tu.

FUNDI: Leo kali! Miaka yote nikisema neno kuhusu hilo gari unaniambia nimezaliwa umeshajua kuendesha. Haya, uliza.

BABA: Namwaga oili. Sasa gari lenyewe ndilo hilo, limeshakula kilomita laki tatu na elfu themanini. Muuza spea ananiambia niachane na ile nzito, ishirini hamsini, ati nitie nyepesi. Tano thelathini.

FUNDI: Tano thelathini kwa kizee kile? Ringi za pistoni zimelika, oili itapita kama maji kwenye chujio. Utawafukiza moshi wa bluu mtaa mzima.

BABA: Ndivyo nilivyomwambia! Nikamwambia, bwana, wewe uza taa na mikanda—

FUNDI: Ngoja, usijisifu. Na hiyo ishirini hamsini yako nayo, asubuhi ukiliwasha si linagonga?

BABA: Kidogo. Sekunde tano, sita. Halafu linatulia.

FUNDI: Halitulii, Baba, linavumilia. Oili nzito inachelewa kupanda kule juu kwenye vali. Linakunywa kiasi gani kabla ya kumwaga tena?

BABA: Lita moja. (anakohoa) Na nusu.

FUNDI: Chini linavuja?

BABA: Tone mojamoja. Nimelitandikia kadibodi.

FUNDI: Basi hilo ni la kumi arobaini. Ile ya magari ya umri, ina dawa ya kulainisha sili za mpira, zisivuje. Si nzito, si nyepesi. Na ninayo habari njema, ipo hapo hapo bandani kwako. Nilikuletea mwezi uliopita.

BABA: Ehe. Hiyo. (mkoromo wa mtandao) ...ikimiminwa inatokaje?

FUNDI: Inatokaje vipi?

BABA: Inatoka nzito? Ya kujivuta? Kama asali?

FUNDI: Hapana. Kwa nini?

BABA: Nauliza tu.

FUNDI: Baba, umeshamimina?

BABA: Kidogo.

FUNDI: Kidogo gani?

BABA: Dumu.

FUNDI: Dumu zima! Sasa aina ya oili ulikuwa unaniulizia nini? (kwa pembeni) Nakuja, bosi! Nakuja, hii imekaa vibaya! (simuni) Baba, chukua hilo dumu ulilomimina, nisomee linasemaje.

BABA: Linasema... si yale yale. Oili ya injini.

FUNDI: Namba.

BABA: Kumi arobaini.

FUNDI: Hiyo nimekutajia mimi sasa hivi. Nisomee.

BABA: Miwani nimeiacha ndani.

FUNDI: Miwani iko shingoni kwako na kamba niliyoifunga mimi mwenyewe.

BABA: Humu bandani giza, mama.

FUNDI: Saa saba na nusu mchana? Toka nalo nje. Fanya kama nilivyokuambia.

(hatua za miguu)

FUNDI: Umetoka?

BABA: Nimetoka.

FUNDI: Haya.

BABA: Maandishi yamefutika.

FUNDI: Dumu jipya, maandishi yafutike? Linuse.

BABA: Ninuse nini, mimi ni—

FUNDI: Nusa, Baba.

(anavuta hewa puani)

BABA: Linanuka kama yai bovu.

FUNDI: Mungu wangu. Hiyo ni ya gia. Themanini tisini! Umewasha? Baba, umewasha gari?

BABA: Bado. Nilipoona inajivuta nikasema nikuulize kwanza.

FUNDI: Usiwashe. Usiguse hata ufunguo. Aisee, goti langu! Hiyo niliiacha hapo mimi, ni ya kazi yangu ya Jumapili. Lakini Baba, ile namba ni kubwa kama kichwa cha mwanangu Kadogo. Ulichanganyaje?

BABA: Madumu yote mawili ni meusi.

FUNDI: Ni meusi, ndiyo, lakini yameandikwa.

BABA: Mimi nilichukua lenye kitambaa.

FUNDI: Kitambaa gani?

BABA: Siku ile ulipoyaleta, si nilikuuliza lipi la injini? Ukanishikisha. Ulipoondoka nikafunga kitambaa kwenye mkono wake. Leo nimekwenda, nimepapasa, nimekuta kitambaa, nikamimina.

FUNDI: Cha bluu?

BABA: Ndicho. Uliponipa uliniambia mwenyewe ni cha bluu.

FUNDI: Nilifutia mikono, Baba. Jumapili. Nilikikuta kwenye dumu nikafutia mikono, kisha nikakifunga tena. Kwenye dumu lililokuwa karibu. Nilidhani ni tambara tu.

BABA: Basi kosa si la mtu. Namwaga hii, natia ile nyingine, saa nane niko getini shuleni kuchukua watoto. Ahsante, fundi. Kwaheri ya kuo—

FUNDI: Usikate! Mtu anayeona kwa nini afunge kitambaa?

BABA: Ili asichanganye.

FUNDI: Baba.

BABA: Salio langu dogo, mama.

FUNDI: Nikipiga mimi hupokei, nakujua. Niambie. Unaona nini hapo uliposimama?

BABA: Naona. Nani kasema sioni? Naona ukuta, naona nguo zimeanikwa.

FUNDI: Na maandishi?

BABA: Katikati pana doa. Kitu nikikitazama kinapotea. Nikitazama pembeni yake ndiyo nakipata. Ukija hapa nikikutazama usoni, uso ndio unaokwenda. Kwa hiyo nakutazama sikio. (anacheka kidogo) Hujawahi kushangaa?

FUNDI: Nilidhani umenikasirikia.

BABA: Nikukasirikie kwa lipi?

FUNDI: Siku ile kwa daktari wa macho. Uliniambia nikungoje kwenye benchi. Alisemaje?

BABA: Alisema hairudi.

(mkoromo wa mtandao)

FUNDI: Sikusikia.

BABA: Ulisikia.

FUNDI: Na unaendesha. Kila siku. Watoto sita humo ndani, watano wa watu na mmoja wangu, na wewe unaendesha!

BABA: Polepole. Barabara ile naijua kwa mtikiso wa kiti. Matuta manne, daraja, kona ya kiwanda. Na Kadogo anakaa mbele, ananisaidia.

FUNDI: Anakusaidiaje?

BABA: Mchezo wetu tu. Ananiambia, babu, taa nyekundu. Babu, mtu anavuka. Ana macho makali yule, kamrithi bibi yake.

FUNDI: Baba, mtoto ana miaka saba!

BABA: Najua umri wa mjukuu wangu.

FUNDI: Ananichezea hivyo hivyo jikoni. Nimeshika sufuria, ananiambia, mama, kijani, pita. Nami nacheka. Nacheka, Baba! (kwa pembeni) Nimesema nakuja! Iegemeze kwa gogo mwenyewe kama una haraka! (simuni) Na ule mchubuko wa kushoto?

BABA: Upi?

FUNDI: Mwezi uliopita. Kuanzia taa ya mbele hadi mlangoni.

BABA: Ule uliupiga rangi.

FUNDI: Ulijua?

BABA: Asubuhi yake nilipapasa, nikakuta pamelainika. Nikangoja uniulize. Siku ya kwanza, ya pili. Hukuuliza.

BABA: Upo?

FUNDI: Nipo. Sikuuliza kwa sababu ningeuliza ungeniambia. Na ungeniambia, watoto angewachukua nani? Mimi natoka hapa saa kumi na mbili, nikiomba ruhusa huyu bwana ananionyesha geti. Nikasema labda ni nguzo tu. Labda ulikuwa umechoka. Nikapiga rangi. Niliogopa, Baba, ndiyo ukweli. Nilijua na sikutaka kujua.

BABA: Basi tulikuwa wawili.

FUNDI: Usiende leo.

BABA: Leo mara ya mwisho.

FUNDI: Hapana.

BABA: Niende leo, jioni nizungumze na wazazi wao kwa utaratibu. Siwezi kuwaacha watoto wa watu getini na jua hili.

FUNDI: Nakwenda mimi.

BABA: Na lori?

FUNDI: Lori lina mwenyewe. Ngoja... ngoja... (chuma kinagonga sakafu) Ah! Nimelichomoa goti. Giaboksi nimeiegemeza kwenye gogo. Nitatembea nao, kila mmoja mpaka mlangoni kwao. Wewe kaa nyumbani.

BABA: Na kesho?

FUNDI: Kesho tutajua kesho.

BABA: Hapana, mama, unasema tu. Kesho wazazi watauliza. Mama wa yule mnene alinishika mkono akasema, mzee, kwako wewe roho yangu imetulia. Nimwambieje? Kwamba nimembebea mtoto wake miezi mitatu taa nikisomewa na mtoto mwenzake? Nitawatazama na uso gani? Hata huo uso wao siuoni.

FUNDI: Waambie injini imekufa.

BABA: Haijafa. Sijawasha.

FUNDI: Imekufa. Mimi ndiye fundi, mimi nimesema. Binti yake kaacha oili ya gia bandani, mzee katia, kawasha, injini imejifunga. Nani atakuja kuifungua ahakikishe?

BABA: Watakucheka wewe. Fundi gani hajui kuweka madumu yake? Wanangoja hilo neno siku nyingi, na wewe umetoka jasho kupata hilo jina.

FUNDI: Wacheke.

BABA: Sitaki useme uongo kwa ajili yangu.

FUNDI: Basi kaa na ukweli wako, mimi nikae na uongo wangu, lakini gari lisitoke! Baba, nimeshavaa viatu. Niambie gari halitoki.

BABA: Halitoki.

FUNDI: Wallahi?

BABA: Ngoja kidogo. Usikate.

(hatua za miguu, spana inazungushwa)

FUNDI: Unafanya nini?

BABA: Namwaga hii ya gia.

FUNDI: Sawa. Imwage tu. Usitie nyingine, nitakuja kutia mimi mwenyewe jioni.

BABA: Usitie.

FUNDI: Nini?

BABA: Nakujua, na mimi najijua. Leo nimekubali kwa sababu umelia. Usikatae, nimekusikia. Kesho nitaamka, jua jipya, nitatazama pembeni nione nguo zimeanikwa, nitasema, mbona naona? Ile nyingine ipo bandani. Nitafunga nati, nitamimina, nitaondoka. Hutanikuta.

FUNDI: Nitachukua ufunguo.

BABA: Nina mitatu. Mmoja hata wewe hujui ulipo. (chuma kinaanguka) Haya. Imetoka yote. Kavu.

FUNDI: Baba, uko wapi?

BABA: Nimekaa.

FUNDI: Umekaa wapi? Baba, umekaa wapi?

(mlio wa injini ikiwaka)

FUNDI: Zima! Baba, halina oili hata tone! Zima!

BABA: Milango ya banda iko wazi, usiogope. Na gia sijaweka.

FUNDI: Dakika mbili tu linakufa kabisa! Miaka kumi na tisa, Baba! Umenisomesha kwa hilo gari!

BABA: Nimekusomesha, umesoma, umemaliza. Nakanyaga mafuta sasa. Unasikia?

(kugonga, kwanza taratibu, kisha kwa haraka)

FUNDI: Nasikia.

BABA: Hiyo sasa ni beringi?

FUNDI: Beringi za chini. Zinaanza kushika.

BABA: Sasa ukiulizwa utasema kweli. Uko wapi?

FUNDI: Barabarani. Nimefika kwenye mnara wa maji. Bosi kabaki anapiga kelele. Baba, inuka hapo, toka humo ndani.

BABA: Bado kidogo. Acha lijifunge lenyewe.

(mlio mkali wa chuma, kimya)

FUNDI: Baba?

BABA: Limezima.

FUNDI: Jaribu ufunguo.

BABA: (ufunguo unabofya) Halizunguki. (anavuta pumzi) Haya, mama, kaza mwendo. Wanatoka saa nane, na yule mdogo wa mwisho hulia asipokuta mt—

FUNDI: Nakimbia, Baba. Haloo? ...Nakimbia.