Duara la Shaba la Mzee Narsi

Mjini Rayy, karibu na lango la wafuma mazulia, kijiwe kilikuwa baraza ya udongo mbele ya duka la Mahbod, muuza mtindi wa nanaa. Asubuhi hiyo Mahbod alimimina mtindi kwa hasira. Wateja wake wawili walikuwa wametoka kuvunja duara kubwa la shaba ambalo Mzee Narsi, mwanafalaki, alilisimamisha juu ya dari lake kupimia jua kila adhuhuri. Sasa walikuwa wanakunywa, roho kwatu.

— Mmemvunjia mzee kazi ya umri wake mzima! Kawakosea nini?

— Anachungulia wake zetu darini, alijibu mwokaji, waliyembandika jina la Tanuri.

— Adhuhuri? Mkeo hupanda darini adhuhuri kufanya nini, kuokwa?

Kadhi, mshona viatu aliyehukumu kila mtu bila kuombwa, akaingilia:

— Wake si hoja. Kisima kimekauka kwa shaba ile. Inavuta jua, jua linavuta maji.

— Nani kakwambia?

— Niambiwe na nani? Nina akili zangu.

— Na meno yangu! alidakia Tanuri. Tangu asimamishe lile dude, yameng'oka.

— Umeyang'oa kwa mikate yako mwenyewe, bwana!

Kadhi hakucheka.

— We kejeli tu. Majuzi jua liligoma utosini. Mzee kalifunga kamba! Angelivuta hadi kasri la amiri wa mji, sisi tubaki gizani.

Mahbod alikuwa ametoka kupita kwa mzee. Alikuwa amemkuta Narsi akiokota vipande, akivikusanya kwenye joho lake. Mzee hakulaani mtu. Aliuliza tu kama kuna aliyejikata.

Mwendesha nyumbu mmoja, mgeni, alikuwa anasikiliza, bakuli mkononi.

— Samahanini, jamaa. Huyo mzee alikuwa anapima jua ili ajue nini?

Tanuri akamtazama Kadhi. Kadhi akainama kutazama viatu vyake. Hata Mahbod, jirani wa mzee kwa miaka yote, hakuwahi kumwuliza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Mahbod akatua mtungi, akashika mlingoti ulioinua turubai juu ya baraza, akaung'oa. Turubai likawafunika Tanuri na Kadhi, mtindi ukawamwagikia mapajani.

— We Mahbod! Umepatwa na wazimu?

— Mzee anahitaji mti ulionyooka apimie kivuli, alisema, akiutupia begani. Na mimi nina swali la kumwuliza.