Mwosha Chupa Aliyesingiziwa Sabuni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, akalelewa mgongoni mwa dada yake, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na hataki kusahihishwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, hesabu nzuri, mwandiko wa kuku.

Tarehe 1 Juni 1973 aliajiriwa kuosha chupa katika maabara ya mabwawa ya samaki, walikokuza kwenye mitungi ya kioo mwani mdogo usioonekana kwa macho, chakula cha vifaranga vya samaki, na mwaka 1977 alimwoa karani wa hapohapo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1986 mkuu wa maabara aliona kwamba asidi ya maji yaliyopimwa asubuhi ikifika mchana imepungua, akasema mbele ya watu kwamba marehemu akishashiba huosha chupa za kupimia ovyo, sabuni inabaki na kuua asidi, akampa wiki moja ajieleze au aondoke. Dada yake alimshauri arudishe funguo na matusi juu, yeye akaomba kitambaa cheusi. Asubuhi alijaza mitungi miwili kwa maji ya mwani ya ndoo moja, mmoja akauweka dirishani wazi, wa pili akaufunika gubigubi, mchana akaosha chupa za kupimia mkuu akimtazama, na ni mtungi wa dirishani tu uliopungua asidi, kwa kuwa mwani ukipata mwanga hula hewa ya ukaa iliyomo majini, na gizani huirudisha. Aliwaambia wanawe kwamba kila chembe ya mwani ina uwanja wake mdogo wa maji unaoizunguka, inaubadilisha kwa kuishi tu. Kazi ilibaki, radhi hakuombwa, akastaafu mwaka 2012.

Mapafu yalianza kumsumbua Aprili 2019, akafariki tarehe 14 Agosti 2021, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkuu wake wa zamani, aliyekuja wodini kila Jumanne, na Jumanne ya mwisho akaomba radhi kwa ile sabuni, marehemu akamjibu, "Kaa basi, Mkuu, chai inapoa." Dada mtu, aliyemnunia bwana huyo miaka thelathini na mitano, anamwomba sasa atoke huko nyuma, aje akae huku na wafiwa.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, tumeshasogea.