Aliyegeuza Mizizi Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu shangazi yangu alipiga magoti koridoni na kugeuza mizizi iliyotandazwa juu ya magazeti, mmoja mmoja, kwa vidole viwili.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mpasua mbao na mshona nguo. Alimaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza darasani katika kemia. Nafasi ya kuendelea wakapewa kaka zake. Mmoja wao ni baba yangu, na analijua hilo.

Mwaka 1979 aliajiriwa chuoni kuosha vyombo vya maabara, akapanda hadi kuwa fundi. Kwa miaka thelathini na minne alishughulikia mimea ya dawa ya jamii ya kunde. Profesa wake alikausha mizizi kwenye tanuri, na kila mara flavonoidi, kemikali ya dawa aliyoitafuta humo, ilipotea.

"Profesa, unaipika. Hii inataka kivuli."

"Mama, wewe osha chupa."

Akaileta mizizi nyumbani. Mumewe, fundi saa aliyemwoa mwaka 1983, alilalamika: "Hivi nimeoa mke au duka la dawa?" Akajibiwa: "Vua viatu kwanza, baba watoto, unakanyaga utafiti."

Mwaka 1991 alimwekea profesa mezani unga wa manjano, flavonoidi yenyewe, kijiko kimoja kamili. Makala ya profesa ilitoka mwaka uliofuata. Nimeisoma yote, hadi tanbihi. Kivuli kimo, magazeti yamo, siku kumi na mbili za kukausha zimo. Dereva wa chuo ameshukuriwa. Shangazi hayumo.

Aliugua ini mwezi Juni mwaka jana, akafariki hospitalini tarehe 14 Februari, saa nne asubuhi.

Shada lile kubwa kando ya jeneza limeandikwa "Kwa msaidizi wetu mwaminifu". Profesa aliyelileta ameomba kuzungumza leo. Familia imemnyima nafasi; alikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kusema. Ameketi safu ya pili. Asikilize.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi, niliyesomea kemia kwa ajili yake. Yeye apumzike, hasira atuachie sisi.

Wiki yake ya mwisho nilimuuliza swali moja tu, maana mimi si mtu wa maswali: "Shangazi, kwa nini ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, mwanangu. Nilisema mara tatu. Hawakuandika."