Ruta Isiyofika Chumba cha Nyuma

Mbele yangu kwenye treni alikaa mama mshonaji, futikamba bado iko shingoni, amepakata ruta ya intaneti. Mzee wa pembeni yake alijitambulisha kuwa fundi wa simu mstaafu, akauliza ina ubaya gani.

"Haifiki chumba cha nyuma, mzee wangu. Kampuni waliniambia nichague, ndogo au kubwa. Nikachukua ndogo. Nyumba yenyewe si vyumba vitatu tu? Sasa nairudisha wanibadilishie, wanipe kubwa."

"Kuta za mawe?"

"Za mawe. Mama yangu alikuwa amelala huko nyuma, hajiwezi. Dada yangu akapiga simu ya video kutoka ng'ambo ili waagane, picha ikaganda. Mama anamwita, dada hasikii, mpaka mama akakata roho. Sasa dada hapokei hata salamu yangu."

Mzee alikohoa. Mafundi hawapendi hitilafu isiyo na spea.

"Pole, mwanangu. Lakini yaliyopita si ndwele. Hiyo kubwa ya nini tena?"

"Baba naye ameanguka. Amelala chumba kile kile."

"Basi mleteni sebuleni! Hata hiyo kubwa siwezi kukuahidi itafika, kuta za mawe hazina adabu. Hamisha kitanda, achana na ruta."

"Hataki. Anasema alipofia mkewe ndipo pake."

"Mbebeni kwa nguvu."

"Wewe, mzee wangu, ungekubali kubebwa?"

Treni iliposimama, mzee alivuta miguu kumpisha. Mama mshonaji aliikumbatia ruta yake, akamuaga kwa heshima, akashuka.